Tambi au Kamba

Mimi si mtu wa kukaa. Mke wangu anasema nilizaliwa nimeshavaa viatu, na mama mkwe, ambaye ulimi wake hauna breki, anasema nina siafu kwenye suruali. Sawa, nimekubali. Hata habari hii naisimulia nimesimama, na nikikatiza kwenda kuchungulia nje msinishangae, nitarudi. Kazi yangu ni fundi lifti. Kutwa nzima napanda na kushuka, na jioni ikifika niko pale pale nilipoanzia asubuhi. Miaka kumi na tisa ya hivyo, niambieni nani asingewashwa na miguu.

Ila habari yenyewe si yangu. Ni ya mama aliyekaa dirishani kwenye mgahawa wa Wachina wa mtaani kwetu, na miguu yangu nimeitaja kwa sababu ndiyo iliyomponza akatoka kazini.

Mgahawa wenyewe usiuwazie wa vitambaa mezani. Ni chumba kimoja na nusu, kimebanwa kati ya duka la miwani na fundi viatu, hakina meza ya mteja wala kiti. Unaagiza, unafungiwa, unaondoka. Ukutani kuna ubao wa picha za vyakula zenye nambari, moja hadi arobaini na mbili, na jua limezipiga mpaka bata na kuku wamekuwa rangi moja. Dirisha lina kioo chenye tundu la nusu duara kwa chini. Nyuma ya kioo kuna meza ndefu ya chuma inayoanzia dirishani ikaenda hadi jikoni, na huko mwisho wa meza, katikati ya moto na harufu ya tangawizi, yupo mwenye mgahawa. Tunamwita Bwana Karai, maana hatujawahi kumwona bila karai mkononi. Alikuja hapa akiwa mtu mzima, na Kiswahili alijifunza kwa wateja wenye njaa. Anajua maneno machache, lakini anayajua kwa maana yake ya wazi: moto ni moto, bado ni bado. Ukimwambia unakufa na njaa anakuangalia kwa wasiwasi.

Dirishani ndipo alipokaa yeye. Mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, kilemba kimefungwa kikafungika, kalamu inaning'inia shingoni kwa uzi. Mtaa mzima tulimwita Mama Kawaida, kwa sababu hakukupa nafasi ya kuagiza. Ukitokea tu mbele ya kioo anakukazia macho: "Ya kawaida?" Wewe unaitikia kwa kichwa, na dakika nane baadaye mfuko wako huu hapa, wa moto, na ndani kimo kile kile unachokipenda.

Kila mtu alijiona wa pekee. Nesi wa zahanati, wali wa mayai na vitunguu vingi. Mwalimu wa hesabu, kuku wa tangawizi, sosi pembeni. Dereva wa teksi alitutangazia foleni nzima kwamba kwao nyumbani hakuna anayekumbuka anachokula, ila yule mama anakumbuka. Mimi, tambi za mboga, nambari kumi na nne, pilipili kwa mbali. Siku ya kwanza aliponitambua nilirudi nyumbani kifua mbele kama mtu aliyepandishwa cheo, nikamsimulia mke wangu mara mbili. Akaniuliza kama nimeoa huko dirishani.

Kwa wageni alikuwa na sheria zake. Anawasukumia karatasi ya picha kupitia lile tundu na kuwaambia, "Weka kidole." Hataki maelezo, anataka kidole. Anayeongea huku anatazama simu yake anagongewa kioo kwa kalamu mpaka ainue uso. Wengine walisema ana maringo, wengine wakasema lazima alikuwa mwalimu mkuu zamani. Jirani yake fundi viatu, mzee mwenye ndevu zilizofunika mdomo wote, alinunua pale tangu siku ya kufunguliwa na bado alikuwa anawekeshwa kidole kila jioni. Aliamini kabisa kwamba mama yule ana kinyongo na ndevu zake.

Na mimi sasa. Foleni inaniua. Nikisimama dakika mbili naanza kwenda hatua tatu huku, hatua tatu kule, nachungulia nani anapiga honi, gari la nani limeziba njia. Hata nikifika kwenye kioo sifiki mzima. Nusu ya neno naisemea dirishani, nusu ya pili naipeleka barabarani. Sikuona ubaya. Si ananijua? Ya kawaida ni ya kawaida.

Kuna jambo moja nililiona kila jioni na sikulielewa, na ndilo linaloniuma mpaka leo. Chakula kikiwa tayari, Bwana Karai alikuwa anagonga ile meza ya chuma kwa upawa mara mbili, na Mama Kawaida anageuka kukichukua. Na mkono wake wa kushoto siku zote ulikuwa umelala juu ya meza hiyo, kiganja chini, hata alipokuwa anaandika. Mimi nikadhani ni madaha. Mimi, ambaye kila siku naweka kiganja kwenye mashine ya lifti nijue beringi inasumbua wapi kabla hata sikio halijapata habari.

Basi, ikaja simu. Miezi miwili kabla ya haya ninayoyasimulia, Bwana Karai alinunua simu, akailaza mezani pale dirishani, akaandika nambari yake kwenye mifuko ili watu waagize wakiwa majumbani. Tangu siku hiyo manung'uniko yakaanza. Unapiga, inapokelewa, kabla hujafungua kinywa unaambiwa, "Simu ni mbovu, njoo mwenyewe," inakatwa. Mwalimu wa hesabu alikuwa anatuuliza foleni nzima inawezekanaje simu mbovu ikapokelewa ili iseme ni mbovu. Tulicheka sana. Ila Bwana Karai hakucheka. Jioni moja alimsogelea mama, akamwonyesha simu kwa kidole, akamwambia mbele ya wateja wote, "Simu hapana, kazi hapana." Hapo hata asiyejua alijua kwamba kibarua cha Mama Kawaida kimeanza kuota nyasi.

Ndipo nikaingia mimi na vurugu zangu. Mwaka huo nilikuwa nimefika arobaini na tatu na nilikuwa nimeshikwa na kiherehere cha kubadilisha maisha. Tulikuwa tumehama nyumba mara tatu. Nilikuwa naandika barua za kuomba kazi meli za mizigo, migodini, popote, halafu naamka saa kumi na moja alfajiri nazunguka ukumbini. Mke wangu alivumilia, alivumilia, mwisho akanitolea uvivu.

"Unataka kubadilisha nyumba, kazi na nchi," akasema. "Miaka sita unakula tambi zile zile. Hebu anza na sahani."

Liliniingia. Nikaapa kesho naagiza nambari ishirini na saba, kamba wa kukaanga na vitunguu saumu. Kamba wale wa majini, nisieleweke vibaya, maana kamba za chuma nazishika kutwa nzima na kuzipaka grisi.

Siku ya kwanza nikafika dirishani. "Ya kawaida?" Nikatikisa kichwa, hapana, nikasema leo nataka kamba, na papo hapo lori likapiga breki nyuma yangu nikageuka kuangalia. Akaandika. Nikalipa, nikabeba mfuko, nikafika nyumbani, nikamwita mke wangu aje aone mume mpya. Tukafungua. Tambi. Mke wangu alicheka mpaka akashika ukuta.

Siku ya pili nikasema jambo hili tulinyooshe. Nikamwambia, nikiwa njiani kuelekea kwenye gari lililoziba njia, kwamba nataka kamba, si tambi. Akanitazama kwa namna ya huruma, akaandika. Nilipofungua nyumbani mlikuwa na tambi za watu wawili. Sahani mbili, jamani. Mama mkwe alikuwa ametutembelea siku hiyo, na sitasema alichosema.

Siku ya tatu ilikuwa Ijumaa. Nilikuwa nimeshinda ndani ya shimo la lifti tangu saa mbili asubuhi, sijatia kitu tumboni, na mwenye jengo alikuwa amenisimamia kichwani akiuliza bado, bado. Nikaagiza kamba. Safari hii sikungoja kufika nyumbani, nikafungulia kopo pale pale dirishani. Tambi za mboga. Pilipili kwa mbali.

Damu ikanipanda. Nikasogea, nikakaribia kioo mpaka pua ikagusa, uso wangu mzima mbele ya uso wake, nikapaza sauti ili Bwana Karai anisikie kule kwenye moto.

"Huyu mama hasikii. Namwambia, namwambia, hasikii."

Nanyi mnajua nilimaanisha nini. Kwa Kiswahili chetu mtoto mtundu hasikii, mume mlevi hasikii, mbuzi aliyerudi shambani kwa watu hasikii. Nilimaanisha mkaidi. Hata wazo la masikio halikunipitia. Lakini Bwana Karai anajua neno moja kwa maana moja. Alizima moto. Nilishangaa, maana sijawahi kumwona akizima moto foleni ikiwa ndefu. Akaja polepole na karai mkononi, akasimama hatua moja nyuma ya mama, ambaye wakati huo alikuwa anafunga fundo la mfuko wa nesi kwa mikono yote miwili. Akainua karai hewani, akalipiga kwa upawa kwa nguvu zake zote.

Sote tuliruka. Nesi aliangusha pochi. Fundi viatu alitoka kibandani kwake kuuliza nini kimelipuka. Mama Kawaida aliendelea kufunga fundo lake, akalikaza, akalivuta masikio mawili vizuri kama kawaida yake. Kisha akainua macho kumkabidhi nesi mfuko, akaona nyuso zetu, na kwamba hatumtazami yeye, tunatazama nyuma yake. Akageuka. Akaliona karai liko juu.

Bwana Karai alishusha karai, akagusa sikio lake mwenyewe kwa kidole, kama anayeuliza. Mama akaitikia kwa kichwa. Akaivua kalamu shingoni, akaiweka mezani, akavua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya kalamu. Akatoka kwa mlango wa pembeni na kupita mbele yetu bila kumtazama mtu. Hakuna aliyemfukuza. Alijifukuza mwenyewe kabla hajafukuzwa, na hilo naona lilikuwa baya zaidi.

Nilifika nyumbani na tambi zangu. Mke wangu alikuwa ameshajiandaa kucheka, akaniona uso. Nikamwambia yote. Hakunigombeza, ningependa anigombeze. Aliniambia tu kwamba nimemwagia mtu unga wake kwa ajili ya kamba, akaenda kulala. Nilizunguka ukumbini.

Jumamosi mchana nikaenda kuona. Kulikuwa na vurumai. Bwana Karai alikuwa peke yake, mara kwenye moto, mara dirishani, jasho linamtoka. Nesi kamwambia nipe ya kawaida. Kawaida nini? Nesi akakodoa macho. Alikuwa hajui. Miaka yote hiyo ameitikia kwa kichwa tu, hajui anachokula ni nambari ngapi. Mwalimu wa hesabu, tena wa hesabu, alikuwa anabishana na nafsi yake kama kuku wake ni nane au kumi na nane. Dereva wa teksi alisema chake ni kile kitamu. Huko nyuma wali ukaanza kuungua, na simu nayo inalia mezani, inatetemeka na kusogea kama mdudu.

Bwana Karai akaniona. Alinyoosha upawa hadi kwenye kioo.

"Wewe sema hasikii," akasema. "Mimi piga. Mimi vibaya, wewe vibaya. Wewe mlete."

Nilijaribu kujitetea. Nikamweleza kwa vidole na kwa mdomo kwamba hasikii tunaisema hata kwa mtu mwenye masikio yake mawili mazima, akiwa na kichwa kigumu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama ni kweli hatuna maneno mawili kwa mambo mawili. Nikasema tunayo, ila hatuyatumii. Alitikisa kichwa kwa masikitiko. Halafu akaichukua ile simu, akaipeleka jikoni, akaitundika kwenye msumari karibu na moto wake, akajigonga kifua: simu ni yake sasa. Akanipa kalamu yenye uzi nimpelekee mwenyewe.

Jumapili baada ya chakula cha mchana nikatoka. Mama Kawaida alikuwa anaishi kwenye nyumba ya vyumba vingi, ukumbi mrefu, mlango wa mwisho wa bluu. Nikapiga hodi. Nikapiga tena. Nikapiga hodi mara kumi nzima, nikagonga kwa ngumi, nikaanza hata kukasirika, mpaka jirani mmoja aliyekuwa amebeba beseni la nguo akasimama na kuniangalia juu mpaka chini, akaniuliza kama kichwani ni mzima. Akanionyesha uzi mwekundu uliotokeza kwenye tundu dogo la mlango. "Vuta," akasema. Kumbe majirani walijua siku zote. Wasiojua tulikuwa sisi tuliojidai anatujua.

Nikavuta. Ndani kitu kikacheza, mlango ukafunguliwa. Ule uzi ulikuwa umefungwa kwenye kigurudumu cha mbao cha kuzungushia nyuzi, kama vile vya viwanda vya nguo, kinachoning'inia mbele ya kiti chake. Chumba kilikuwa safi, kitanda kimetandikwa, kioo cha kujitazamia kimewekwa kuelekea mlangoni ili aone anayeingia hata akiwa amempa mgongo. Alinionyesha kigoda. Mimi na kigoda wapi na wapi. Nikaanza kuomba radhi huku natembea, dirishani na mlangoni, mlangoni na dirishani, namwambia mama nisamehe, nilikuwa na njaa, sikukusudia, ni neno tu. Aliniacha nikaenda mizunguko mitatu. Wa nne akanikamata mkono wa shati.

"Simama," akasema. "Nitazame. Anza upya."

Nikasimama. Mnaonijua mnajua hilo lilikuwa jambo gani. Nikaanza upya, uso wangu mbele ya uso wake, na nilipomaliza akaniachia shati, akakaa kitandani, akaniambia habari zake.

Alifanya kazi kiwanda cha nguo miaka ishirini na miwili, kwenye mashine za kufumia. Kelele za humo, alisema, ukipiga yowe kwenye sikio la mwenzako hasikii. Kwa hiyo wafumaji wote waliongea kwa midomo. Walisengenya, walichumbiana, walimtukana msimamizi akiwa amesimama mbele yao, bila sauti hata moja kutoka. Kiwanda kilipofungwa aliondoka na ujuzi huo, na masikio akayaacha kule kule. Kidogo kidogo, hakujua siku gani hasa. Alipopata kazi kwa Bwana Karai hakusema, maana nani anamweka kiziwi apokee oda. Ndipo akajifunza chakula cha kila mtu kwa kichwa. Akikitaja yeye kwanza, wewe huna haja ya kusema, na yeye hana haja ya kusikia.

Kumbe ndiyo hiyo "ya kawaida" yetu. Kile kifua changu cha siku ile kilisinyaa. Lakini akasema pia kwamba midomo yetu anaijua kuliko tunavyoijua wenyewe. Nesi akiwa amepoteza mgonjwa humeza mate kabla ya kuongea, na siku hiyo yeye humzidishia wali. Mwalimu hujihesabia kimyakimya akiwa kwenye foleni. Fundi viatu, alisema, angempenda sana, kama mzee angenyoa.

"Na mimi?" nikauliza.

"Wewe sikujui," akasema. "Nimeona shavu lako, miaka sita. Shavu na sikio."

Nilitaka kucheka. Hakuwa anatania. Akanieleza kwamba zile siku mbili za mwanzo alinishangaa sana, mtu anatikisa kichwa kukataa tambi halafu anaagiza tambi, na kesho yake anaagiza tambi, tambi, mara mbili mfululizo. Alidhani nina matatizo nyumbani. Kisha akaweka kidole kwenye midomo yake mwenyewe, akasema neno moja, halafu lingine, polepole, nione.

"Tambi na kamba mdomoni ni ndugu," akasema. "Zinaachana mwishoni tu. Na wewe mwishoni huwa umeshageuka."

Mikono yangu sikujua pa kuiweka.

"Siku uliyonigeukia mzima ni Ijumaa," akasema. "Uso wote, karibu kabisa. Hiyo niliisoma yote. Hasikii."

Miguu yangu ilitaka dirisha, ilitaka mlango, ilitaka ngazi mia mbili. Sikwenda, kwa sababu macho yake yalikuwa mdomoni kwangu yakingoja, na nilijua nikigeuka sasa sitarudi kuwa mtu mbele yake. Nikalia nikiwa nimesimama wima kama mlingoti. Sioni aibu kulisema. Nikamwambia nisamehe, nikaliacha neno likae mdomoni mpaka akaitikia. Ndipo nikakumbuka kalamu, nikampa. Aliizungusha zungusha vidoleni. Simu iko jikoni sasa, nikamwambia, Bwana Karai anaipokea mwenyewe.

Akasema simu haikuwa shida yake kubwa. Shida ni kwamba sasa tunajua. Watakuja wampigie makelele dirishani kama wanaita ng'ombe, au wajaribu kumgongea kitu mgongoni waone kama kweli. Miaka yote hiyo alikuwa mama mwenye maringo, na maringo alikuwa ameyazoea, yalimfaa. Huruma hakuitaka. Hakuniambia kama atarudi. Alinishukuru kwa kalamu, akanifungulia mlango.

Jumatatu niliacha lifti ya ghorofa tisa imefunguliwa matumbo, nikawaambia watu wapande ngazi, ni afya. Nikafika mapema na foleni ilikuwa tayari imepinda kona. Alikuwepo. Kilemba, kalamu, kiganja cha kushoto juu ya chuma. Huko nyuma Bwana Karai alikuwa anagombana na simu, anauliza nambari ngapi, nambari ngapi, kila mara kwa sauti kubwa zaidi. Foleni yetu ilikuwa na kimya cha watu walioingia nyumba ya watu na viatu vyenye matope. Wa kwanza alikuwa dereva wa teksi, akajaza mapafu, akanguruma kwamba anataka chakula chake. Kalamu ikagonga kioo.

"Usinipigie kelele, sisikii," mama akasema. "Ongea kama mtu."

Mtu mmoja nyuma akaguna kicheko, akafuata wa pili, na mama mwenyewe akakunja midomo kuzuia chake. Dereva akaongea kama mtu. Nesi akafika, akaulizwa ya kawaida, akaitikia, na naapa niliona vitunguu vikizidishwa. Fundi viatu alikuja amenyoa. Hakuna aliyemtambua mpaka alipoagiza kwa mdomo, tena kwa madoido, herufi moja moja, na mama akaandika bila kumwekesha kidole.

Zamu yangu ikafika. Nikasogea mpaka kwenye kioo, miguu pamoja. Nilingoja lile swali lake. Halikuja. Alinitazama kitambo, halafu akauliza kitu ambacho hakuwahi kuniuliza kwa miaka sita.

"Unakula nini?"

Hapo hapo, nyuma yangu, barabarani, breki zikalia, kikafuata kishindo cha bati, vioo, na mtu akaanza kutukana. Foleni yote ikageuka. Nesi aligeuka, mwalimu aligeuka, hata Bwana Karai alichungulia na simu sikioni. Shingo yangu iliwaka moto. Mama Kawaida hakusikia chochote, alikuwa ananitazama mdomo.

Nikasema kamba. Nikaufikia mwisho wa neno, nikabaki pale, kinywa wazi kwenye ile a, sijageuka, mpaka nilipoona ameiandika.